Ubao wa Kibirizi

Mwezi Julai 2024 bibi mmoja jirani yangu aliuza vichanja vyake vyote sita vya kuanikia dagaa kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika mimi kwa chaki. Nilikuwa nimeandika habari za mwalo, yaani ufukwe tunapopokea mitumbwi, kwa miaka tisa, na mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kunirudia na hasara.

Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi. Nimekifunga kwa waya kwenye nguzo ya banda langu la chai pale Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Maboti ya abiria ya vijiji vya mwambao yanapakia hapo: Kalalangabo, Mtanga, Mwamgongo, mpaka Kagunga mpakani na Burundi. Njia hiyo hiyo ndiyo ya Hifadhi ya Gombe. Huko gari halifiki. Anayetaka kuwaona sokwe lazima apande boti. Basi mama mwenye madumu ya mawese, mwalimu anayerudi kituoni kwake na mgeni kutoka Ulaya mwenye begi kubwa mgongoni, wote wanakaa benchi moja mbele ya birika langu, na wote wanauliza swali moja: boti linaondoka saa ngapi?

Nilianza kuandika Mei 2015. Wakati ule maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima mkali na maji. Meli ya Liemba ilikwenda kuwachukua, watu kama mia sita kwa safari moja, ikiwaleta Kigoma. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Watu wenye ndugu upande ule walikuja bandani kwangu alfajiri mpaka usiku: meli imeondoka? Imerudi? Imebeba wa wapi? Nilikuwa nakanda unga wa maandazi huku najibu, mikono imejaa ngano, sauti imekauka. Siku ya tatu nikachukua kipande cha chaki cha mwanangu nikaandika ubavuni mwa banda: "Liemba imeondoka alfajiri. Haijarudi." Watu walisimama mbele ya maneno yale manne kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Mzee mmoja aliyasoma, akaondoka, akarudi baada ya saa moja, akayasoma tena.

Hapo nilielewa kwamba watu wana njaa ya kujua, na kwamba aliye karibu na maji anadaiwa na aliye mbali nayo.

Miaka iliyofuata ubao ukazoeleka, hasa wakati wa kiangazi. Mvua zikikatika mwezi Mei, mji wetu unabadilika. Asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kujifunga kanga mbili. Moshi wa mioto ya nyika na vumbi vinatanda juu ya ziwa mpaka milima ya Kongo, ambayo wakati wa mvua unaweza kuihesabu mabonde, inapotea kabisa. Mgeni anaweza kukaa wiki nzima Kigoma akadhani ng'ambo hakuna kitu. Usiku ile mioto inaonekana kwenye vilima kama shanga zilizokatika uzi. Wageni wengi wanakuja kipindi hiki kwa sababu kwao ni likizo ya majira ya joto, na kwa sababu njia za hifadhi za Gombe na Mahale zimekauka na sokwe wanaonekana kwa urahisi zaidi. Dagaa nao wanakauka kwa jua la siku moja. Wakati wa masika dagaa hao hao wanaweza kulala wakiwa wabichi, wakaanza kuwa wekundu na kunuka, mama akabaki anawafukuza nzi na machozi yanamlenga.

Kwenye ubao niliandika mambo ambayo mtu angeyatumia siku ile ile. Mwezi ukoje, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, na wavuvi wanapumzika. Upepo umevuma kutoka wapi. Boti gani limepata hitilafu ya injini. Bei ya ndoo ya dagaa wabichi ilivyofunguka asubuhi. Mtoto amepotea, amevaa fulana ya kijani. Misiba niliandika pale tu familia yenyewe ilipomtuma mtu, hata kama mwalo mzima ulikuwa umeshajua. Hilo sikufundishwa na mtu. Mama yangu alifiwa na kaka yake akaambiwa sokoni na muuza nyanya, na sijasahau uso wake.

Wageni nao waliuliza yao. Waliuliza sana habari za Liemba, na mimi nilifurahi kuwaeleza: ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, kisha Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili la Liemba. Mgeni mmoja aliniuliza kwa nini mambo hayo hayako ubaoni. Nikamwambia ubao ni wa leo.

Kuhusu upepo nilipata somo langu la kwanza, nalo lilikuwa dogo. Ilikuwa Agosti 2019. Kusi lilianza usiku wa manane, na kulipokucha manahodha wawili wenye umri mkubwa walikuwa wameshasema hawatoki mpaka litulie. Nikaandika: "Upepo mkali. Msipande boti leo." Wageni wanne waliokuwa wamekodi boti la kijana mmoja wakasoma, wakatafsiriana, wakadai fedha zao. Yule kijana alikuja kwangu, hakupiga kelele. Alisema, "Dada, boti langu umelikagua? Maboya yangu umeyahesabu? Wewe umekuwa nahodha lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevuka mipaka. Nikafuta, nikaandika: "Kusi tangu usiku wa manane. Manahodha wawili wanasubiri litulie." Wageni walisoma tena, wakaenda wenyewe kuwauliza wale wazee, wakaamua kusubiri, na saa saba mchana kijana aliwapeleka Gombe. Tangu siku hiyo naandika kilichoonekana, uamuzi namwachia mwenye roho yake.

Sasa nirudi kwenye mwaka 2024.

Nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na wakue. Nalisema wazi, mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Nimekua nikiona migebuka ya urefu wa mkono. Watoto wangu wamekua wakiona ya urefu wa kiganja, na nyavu za macho madogo zinakusanya hata ambao bado hawajawa samaki. Lakini kuunga mkono jambo na kuliishi ni vitu viwili. Mwalo ambao kila alfajiri ulikuwa na kelele za kupokea mitumbwi ukanyamaza. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, ikapinduliwa, kuku wakataga chini yake. Vijana wa taa, waliozoea kulala mchana, wakawa wanazunguka mchana hawajui waende wapi. Wengine wakaenda mashambani Mwandiga na kwingineko. Chai niliyokuwa naiuza birika sita ikashuka mpaka mbili.

Na usiku. Mtu asiyekaa Kigoma labda hajui: usiku wa giza, wakati wa uvuvi, ziwa linakuwa kama mji mwingine mbele ya mji wetu. Taa zinajipanga mpaka macho yanapoishia, hujui ipi ni ya mvuvi wa Kibirizi na ipi ni ya mtu wa Katonga. Kiangazi kile hakukuwa na hata moja. Wageni walifurahia nyota. Sisi tulikuwa tunakaa nje baada ya kula, tunatazama lile giza, na mazungumzo yanaisha yenyewe.

Giza la namna hiyo linazaa maneno. Kila mtu alikuwa anasubiri tarehe 15 Agosti kama mgonjwa anavyosubiri kuruhusiwa. Jumanne moja mwanzoni mwa Julai, saa kumi jioni, dada mmoja alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: ziwa litaendelea kufungwa mpaka Novemba. Haukuwa na kichwa wala mhuri. Haikupita nusu saa, fundi injini akanionyesha maneno hayo hayo. Kisha mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizo. Nikajiambia watu watatu si mmoja, na watatu hawa hawajuani. Sikufikiri kwamba wote walikuwa wanasoma ujumbe ule ule, umeandikwa na mkono ule ule, na kwa hiyo nilikuwa na shahidi mmoja aliyevaa nguo tatu. Ofisi ya uvuvi ilikuwa imeshafungwa jioni ile; ningeweza kusubiri asubuhi. Sikusubiri. Nilitaka watu walale wanajua.

Nikaandika: "Inasemekana ziwa halitafunguliwa Agosti."

Neno "inasemekana" niliona linatosha kunikinga.

Yule bibi hasomi. Ni mjane, amelea wajukuu wanne kwa dagaa, na vichanja vyake sita alivijenga kidogo kidogo kwa miaka, miti ya kuchomeka na waya wa matundu madogo juu yake. Hivyo vichanja ndivyo vinavyomtofautisha na jirani anayeanika chini. Dagaa wa chanja wanakauka wakiwa weupe wanaong'aa kama sindano, hewa inapita juu na chini, hawana chembe ya mchanga. Mnunuzi anayewapeleka Dar es Salaam anawachukua kwanza na kwa bei nzuri. Dagaa wa mchangani hata uwapepete vipi, mlaji atasikia kitu kinasaga kwenye jino.

Jioni ile alimtuma mjukuu wake, msichana wa darasa la pili, akamsomee ubao unasemaje. Mtoto alisoma, akarudi mbio, akasema, "Bibi, ziwa halitafunguliwa Agosti." Lile neno langu la kujikinga lilikuwa refu, lilimshinda, akaliruka.

Asubuhi bibi alimwita mfanyabiashara aliyekuwa anapita kununua waya na mbao. Alikuwa na deni la dukani na sare za shule za kununua. Akiuza leo atapata kitu. Akisubiri mpaka Novemba, mvua zitakuwa zimefika na miti itakuwa imeliwa na mchwa. Kwa aliyoambiwa, alifikiri sawasawa kabisa. Aliviuza vyote sita kwa bei ambayo haifikii hata waya peke yake.

Mimi nilijua Alhamisi, kwenye bomba la maji. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akasema kwa upole tu, akitengeneza kata kichwani, kwamba ameshamalizana na mambo ya dagaa, wajukuu watakula Mungu akipenda, maana si ulisema ziwa halifunguki? Ndoo yangu ilikuwa imejaa, maji yanamwagika miguuni, sikuweza hata kufunga bomba.

Nilikwenda ofisi ya uvuvi nikiwa na kanga zangu za jikoni. Ofisa aliniambia hakuna tamko lolote jipya, tarehe ni ile ile. Ilinichukua dakika kumi kwenda, dakika tano kuuliza. Hizo dakika kumi na tano ndizo nilizomnyima bibi.

Nilirudi na nikatamani kufuta tu. Kufuta ni rahisi, chaki inaondoka kwa kitambaa kibichi na baada ya siku mbili nani atakumbuka? Lakini ningefuta, aliyesoma Jumanne na asiyepita tena angebaki na uongo wangu. Niliandika kwa herufi kubwa, ubao mzima, sikuacha nafasi ya habari nyingine: "Jumanne niliandika kwamba ziwa halitafunguliwa Agosti. Si kweli. Nilikosea mimi. Leo nimeuliza ofisi ya uvuvi: tarehe bado ni 15 Agosti." Nikauacha hivyo siku tano. Wateja wangu wengine waliona aibu kwa niaba yangu. Mmoja alinishauri nipunguze, niseme kulikuwa na taarifa zisizo sahihi. Nikamwambia taarifa haikujiandika.

Kisha nikamtafuta mfanyabiashara. Nilimpata Mwanga, karibu na soko, na alikuwa na vichanja viwili tu, vinne vilikwenda. Nilivinunua viwili kwa fedha ya sukari ya mwezi mzima, na alinipandishia bei, haki yake. Fundi wa Kibirizi alitutengenezea vingine viwili kwa miti mipya, nikamlipa kidogo kidogo mpaka Oktoba. Vinne. Viwili sijawahi kuvirudisha mpaka leo, kwa sababu bibi alinikataza. Alisema, "Mwanangu, inatosha, na wewe una watoto."

Ziwa lilifunguliwa siku ya Alhamisi, tarehe 15 Agosti. Wazee walisema wavuvi wasubiri, maana mwezi ulikuwa unaelekea kupea. Mwezi mpevu ulikuwa Jumatatu ya tarehe 19. Nani angewasikiliza? Vijana walitoka usiku ule ule, na mwalo mzima tulisimama ufukweni na watoto mgongoni kutazama taa zikiwaka moja moja, hafifu chini ya mbalamwezi. Hawakupata kingi. Giza lilipofika mwanzoni mwa Septemba ndipo dagaa wakaja kwa ndoo, na hapo nikaiona hasara yangu kwa macho. Vichanja vinne vilijaa kabla ya saa mbili asubuhi. Waliobaki bibi aliwamwaga mchangani.

Nilikuwa nafunga banda saa tano, nakwenda kumsaidia kugeuza. Unapiga magoti, unaingiza vidole vimelegea chini ya dagaa, unawainua na kuwaachia, usiwabane maana wanavunjika vichwa, na kichwa kikivunjika bei imevunjika. Wa chanjani wanateleza wenyewe, waya unalia kidogo. Wa mchangani kila mmoja anatoka na punje zake tumboni, unampuliza, unampangusa kwenye kanga, na bado zipo. Bibi alinifundisha bila kunitazama. Hatukulizungumza tena lile jambo. Mikono yangu ilinuka dagaa mpaka wateja wakalalamikia maandazi.

Sasa naandika hivi: kila mstari una mwisho wake, nani kaniambia, lini. "Boti la Mtanga litatoka saa sita. Kasema nahodha wake, leo saa mbili." Ubao unabeba habari chache kuliko zamani, na kuna siku una mstari mmoja tu. Nikimaliza namwita mtoto yeyote anayepita, namwambia anisomee kwa sauti. Akiruka neno, naliondoa neno hilo, natafuta fupi. Maneno kama "inasemekana" na "huenda" hayamo tena, kwa sababu nimeona yanavyoanguka njiani kati ya ubao na nyumba.

Tarehe 1 Oktoba 2025, usiku, simu zilianza kusema kwamba Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, amefariki dunia. Kwa mji wetu hiyo si habari ya mbali. Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, na kuanzia hapo jina la Kigoma likajulikana duniani kote kwa sababu ya sokwe. Wageni wangu nusu wanakuja kwa sababu yake. Nililala sijaandika. Asubuhi nilisubiri boti la watu wa hifadhi, na waliposhuka sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Walithibitisha: amefia Marekani, akiwa katika safari ya kikazi, umri miaka 91.

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akasema alikuwa mtoto mwaka ule wa 1960. Kongo ilikuwa imepata uhuru siku chache tu zilizopita, na Wabelgiji walikuwa wamevuka ziwa kwa mamia wakikimbia, Kigoma imejaa hakuna pa kulala. Yule binti na mama yake walipiga hema kwenye uwanja wa gereza, wakasaidia kutengeneza mikate ya kuwalisha wakimbizi kabla hata hajamwona sokwe mmoja. Nilimwamini mzee, na watu wa hifadhi wakasema ndivyo inavyoelezwa. Nikaandika mistari mitatu.

Mjukuu wa bibi, sasa yuko darasa la tatu, alipita na sare akielekea shule. Nikamwomba asome. Alisoma yote, taratibu, hakuruka kitu, na bibi alikuwa hapo nyuma yetu na beseni lake.

"Nani kasema?" bibi akauliza.

Mtoto akaweka kidole kwenye mwisho wa mstari.